Runinga Huchaguliwa Nyumbani: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Kipato cha Kadiri

Ikiwa umedhamiria kununua runinga mpya, na fedha uliyonayo mkononi ni ya kadiri, haitoshi kuingia dukani na kunyoosha kidole bila ya kuuliza bei, wala si haba kiasi cha kukulazimisha uchukue chochote utakachopewa, basi nakuomba jambo moja kabla hujapanda daladala kuelekea Kariakoo: safari hiyo ianze chumbani mwako. Jamaa zangu wa Temeke na Kinondoni waliojuta kwa runinga walizonunua, aghalabu hawakudhulumiwa na mtu. Walichagua wakiwa wamesimama mbele ya ukuta wa vioo thelathini vinavyong'aa kwa pamoja, kelele za Msimbazi zikiwa mgongoni na winga, dalali wa mtaani, begani, wakasahau kuta, umeme, wazee, watoto na majirani ambao runinga ile ilikuwa inakwenda kuishi nao.

Sisi wa Bara tulichelewa kukutana na chombo hiki. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika iliyo kusini ya Sahara, ilhali Dar es Salaam ilikaa mpaka mwaka 1994 ndipo ITV na vituo vingine vya mwanzo vilipoanza kurusha matangazo. Na kwa kuwa seti zilikuwa chache na ghali, runinga iliingia mitaani mwetu ikiwa mali ya nyumba moja na mkusanyiko wa mtaa mzima. Ile ya chogo, nzito kama gunia la mchele, iligeuzwa uso ikaelekezwa barazani, wakubwa wakapewa viti, watoto wakakaa mchangani, na mwenye nyumba hakuweza kulala kabla ya taarifa ya habari kwisha na wageni kuaga. Desturi hiyo imepungua lakini haijafa. Hata leo, pamoja na vibanda umiza kuzagaa Tandika na Manzese, usiku wa mechi ya Simba na Yanga milango ya Mbagala haifungwi, na mwenye runinga hujikuta ana jamaa kumi na wawili katika chumba cha watu watatu. Ukilizingatia hili, utaelewa kwa nini nasisitiza mambo ambayo vitabu vya maelekezo, vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja na kochi lake, haviyagusi.

Anza na kipimo. Inchi zinazotajwa na wauzaji hupimwa kwa hanamu, kutoka pembe ya chini ya kioo hadi pembe ya juu iliyo mkabala nayo, kwa hiyo inchi 32 ni takriban sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, na inchi 55 ni sentimita 140. Lakini ukuta haujui hanamu, ukuta unajua upana, na upana wa hizo tatu, bila ya fremu, ni kama sentimita 71, 95 na 122. Mimi nilipotaka kubadilisha runinga ya nyumbani kwangu Temeke, niliomba boksi la friji lililokuwa limetupwa nyuma ya duka la jirani, nikalikata kwa kisu vipande viwili, kimoja cha kadiri ya inchi 43 na kingine cha inchi 55, nikavibandika ukutani kimoja baada ya kingine kwa selotepu, kisha nikawaita wa nyumbani wakae kama wanavyokaa jioni. Chumba ni futi kumi kwa kumi na mbili, kina kochi moja refu, kabati la vyombo na mkeka. Kutoka kochini mpaka ukutani nilipata mita mbili na robo. Kutoka mkekani, wanapolala watoto kifudifudi na viwiko chini, nilipata mita moja na robo tu. Kile kipande kikubwa kilifunika nusu ya swichi ya taa na kikasukuma pazia la dirisha, na mjukuu wangu aliyekuwa mkekani akawa anageuza shingo huku na huku kulitazama boksi tupu. Habari ya inchi 55 ikaishia hapo, na haikunigharimu hata senti moja.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mtazamaji akae mbali na kioo kwa umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya hanamu yake. Kwa inchi 32 umbali huo ni tangu mita moja na robo hadi mita mbili. Kwa inchi 43 ni tangu mita moja na sentimita 65 hadi mita mbili na sentimita 70. Na inchi 55 inadai mita mbili na zaidi hata kwa yule aliye karibu kabisa. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, chenye kitanda ndani yake, hakina mita hizo. Sahibu yangu wa Kinondoni Hananasif, aliyejenga sebule ya futi kumi na sita, anayo haki ya kuiwaza runinga kubwa. Mpangaji wa chumba kimoja atatazama kwa raha zaidi inchi 32 iliyo njema kuliko 50 iliyo dhaifu, na fedha itakayobaki itafanya kazi nyingine.

Baada ya ukuta, hesabu fedha, na uihesabu yote. Mtu aliyejiwekea akiba ya shilingi laki sita, kisha akanunua runinga ya laki sita kasoro elfu kumi, atarudi nyumbani na kioo kisicho na waya, kisicho na breketi ya ukutani, kisicho na kinga ya umeme, na nauli ya bajaji ataikopa. Mimi hutenga sehemu moja katika kila kumi kwa ajili ya mambo hayo madogo, na sijapata kuona sehemu hiyo ikibaki. Kama fedha yatoka katika mchezo, mngoje kijumbe mpaka zamu yako ifike. Kama yatoka katika VICOBA, kwa riba mliyoipanga wenyewe, irejeshe kwa utaratibu. Ama ile mikopo ya kausha damu inayodaiwa kila siku au kila wiki, usiikaribie kwa ajili ya runinga. Nimeona kwa macho yangu, mtaa wa pili kutoka kwangu, kioo kikibebwa na wadai kabla ya miezi miwili kutimia, na mama mwenye nyumba akabaki amesimama mlangoni na rimoti mkononi, hajui aiweke wapi.

Sasa nije kwenye umeme, ambao kwa mtu wa kipato cha kadiri ndio bei ya pili ya runinga, inayolipwa kidogo kidogo kwa miaka. Nyuma ya kila seti kuna kibandiko kinachotaja wati zake. LED ya inchi 32 aghalabu hula wati 40 hadi 55, ya inchi 43 kama wati 70 hadi 90, na ya inchi 55 hufika 120 au kuzidi. Chukua mathalani inchi 43 ya wati 80 inayowaka saa sita kila siku: ni karibu nusu uniti kwa siku, na kama uniti 14 na nusu kwa mwezi. Kwa bei za LUKU tulizozizoea miaka hii, aliye katika daraja la matumizi madogo, yaani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, huipata uniti kwa shilingi 122 pamoja na tozo zake, na aliye katika daraja la kawaida huipata kwa kama shilingi 356. Kwa hiyo runinga hiyo hiyo moja itamtoza wa kwanza shilingi 1,760 hivi kwa mwezi, na wa pili kama shilingi 5,130. Wa kwanza asifurahi upesi. Uniti hizo 14 zikiongezwa juu ya friji, feni na pasi, huweza kumvusha mpaka wa 75, na ukishauvuka, kila uniti inayozidi huuzwa kwa bei inayopita hata ile ya daraja la kawaida. Mpangaji anayechangia mita na wenziwe aipige hesabu hii mbele yao siku ile ile ya kwanza, na awaoneshe kile kibandiko, kwa sababu mita ya pamoja imewagombanisha watu wengi waliokuwa wakipakuliana futari.

Umeme una madhara ya namna nyingine. Runinga nyingi za leo zimeandikwa kwamba zinapokea volti 100 hadi 240, maana yake umeme hafifu wa jioni, ule unaoifanya feni izunguke kivivu, hauziui. Kinachoziua ni kishindo cha umeme unaporejea baada ya kukatika. Kwa hiyo huna haja ya kutumia fedha nyingi kwa stabilaiza kubwa. Nunua kinga ndogo, ambayo mafundi huiita tivii gadi, inayokata umeme ukizidi na kungoja dakika chache kabla ya kuuruhusu tena, na kila umeme unapokatika nyanyuka ukachomoe plagi. Wakati wa masika chomoa na waya wa antena au wa dishi, kwani radi huingia kwa njia hiyo hata plagi ikiwa imekwisha kuchomolewa.

Kuhusu wingi wa nukta za picha nitasema machache, kwa sababu hapa ndipo maneno ya wauzaji yanapokuwa mengi kuliko faida. Kioo cha HD ya kawaida kina nukta 1366 kwa 768. Full HD ina 1920 kwa 1080. Na 4K ina 3840 kwa 2160. Nukta hizo ni chombo tu cha kupokelea, na kinachopokewa ni kile kituo kinachorusha, ambacho kwa sehemu kubwa ya matangazo yetu ya kila siku hakifiki hata Full HD. Kwa inchi 32, HD yatosha. Kwa inchi 43, tafuta Full HD. Na ikiwa 4K ya kampuni ile ile imezidi kwa elfu hamsini tu, ichukue, ama ikizidi kwa laki na nusu iache, na fedha hiyo uielekeze kwenye sauti.

Sauti ndiyo iliyosahauliwa kabisa. Kadiri runinga zilivyozidi kuwa nyembamba ndivyo spika zake zilivyokosa mahali pa kupumulia, na nyingi sasa zimegeuzwa nyuma au chini, zikiongea na ukuta. Katika nyumba ya dari ya mbao huenda usione tofauti, lakini chini ya mabati matupu, mvua ya Aprili inaposhuka, mzee mwenye masikio mazito hatasikia hata neno moja la taarifa ya habari. Kwa hiyo wengi wetu huongeza sabufa, na hapo pana mtego: sabufa za zamani huingiziwa waya mwekundu na mweupe, au ule wa tundu la hedifoni, ilhali runinga kadhaa za kisasa hutoa sauti kwa njia ya mwanga au kwa HDMI pekee. Tazama matundu ya nyuma kabla ya kulipa. Kadhalika king'amuzi chako, ikiwa ni cha miaka mingi, huenda kinatumia zile waya za rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, na si kila seti mpya inazipokea. Hakikisha pia kwamba matundu ya HDMI hayapungui mawili, moja la king'amuzi na moja la chochote kitakachokuja baadaye.

Na kwa kuwa nimetaja king'amuzi, nikumbushe kwamba mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, seti nyingi za chogo zikageuka vioo vya kujitazamia mpaka mwenyewe aliponunua king'amuzi. Runinga nyingi mpya zina kipokezi cha dijitali ndani yake. Tafuta kwenye boksi maandishi DVB-T2 kwa antena na DVB-S2 kwa dishi. Kipokezi hicho hunasa chaneli zilizoachwa wazi bila ya kufungwa, na ni faida kwa mtu ambaye mwezi fulani hana fedha ya kifurushi, lakini hakikupi mpira wa kulipia, ambao utaendelea kuufuata kwa Azam, StarTimes au DStv na ving'amuzi vyao.

Ama zile ziitwazo smati, nina neno moja la kumwambia anayeishi kwa bando la simu. Netflix wenyewe hukadiria kwamba saa moja ya picha za HD yaweza kula hadi GB 3, na saa moja ya 4K hadi GB 7. Piga hesabu ya bando unalonunua, kisha uamue kama ujanja huo utautumia kila siku au Jumapili moja katika mwezi. Mwenye intaneti ya nyumbani, isiyohesabiwa, na anunue smati bila ya wasiwasi, lakini atazame mfumo uliomo: Google TV, webOS ya LG, Tizen ya Samsung na VIDAA ya Hisense ni mifumo iliyotengenezwa kwa ajili ya runinga, na yenye wenyewe wanaoitunza. Katika seti za bei ya chini sana hukutwa Android ya kawaida iliyovishwa nguo za runinga. Inawaka, inapendeza, lakini programu nyingine hukataa kufunguka baada ya mwaka mmoja. Afadhali seti ya kawaida yenye kioo chema, ambayo kesho utaichomekea kijiti cha smati, kuliko smati yenye kioo kibovu ambacho hakuna kijiti kitakachokiponya.

Ndugu zetu walioko ng'ambo hutuletea runinga kwa mapenzi, na mapenzi hayo yanahitaji kusomewa kibandiko. Iliyonunuliwa Marekani huenda imeandikwa volti 120 tu, nayo ukiichomeka katika umeme wetu wa 230 itaungua papo hapo; na hata ikiwa inastahimili, kipokezi chake hakielewi antena zetu, ikabaki kuwa kioo cha king'amuzi. Ya Japani ina tatizo kama hilo. Za Uingereza, Oman na Dubai kwa kawaida hupatana na umeme wetu. Katika mitumba jihadhari na zilizotoka hotelini, kwani nyingi zimefungwa zisipandishe sauti kupita kiwango fulani, na asiyejua namba za kuzifungulia huteseka nazo bure. Anayevuka kwenda Darajani, Unguja, kwa kuvutiwa na bei, aulize kwanza forodhani kama mzigo wake utadaiwa tofauti ya kodi atakaposhuka bandarini Dar es Salaam.

Basi sasa, ukiwa na kipimo cha ukuta, hesabu ya fedha, orodha ya matundu na daraja lako la umeme vimeandikwa kwenye karatasi, nenda dukani, na uende asubuhi ya siku ya kazi, wakati muuzaji ana subira. Chukua futi ya fundi seremala, na flashi yenye vitu vinne: picha nyeupe tupu, picha nyeusi tupu, dakika kumi za mpira, na taarifa ya habari ya Kiswahili. Picha hizo nyeupe na nyeusi kijana yeyote wa nyumbani atakutengenezea kwa simu.

Winga atakupokea kabla hujavuka barabara. Mimi alinipokea mmoja mwenye adabu sana.

“Shikamoo, mzee wangu. Hii hapa inchi 55, 4K, bei ya kutupa, naibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi nataka 43, na nataka kukaa chini mbele yake kabla sijauliza bei.”

Akacheka, akaniletea stuli. Nikamwambia hapana, watoto wangu hawatazamii kwenye stuli. Nikakaa sakafuni.

Fanya hivyo nawe, na usione haya. Kwanza omba picha iondolewe katika ile hali ya kung'arisha ambayo maduka hupenda, iwekwe katika hali ya kawaida, kwani rangi ile inayokuita kutoka ng'ambo ya barabara itakuumiza macho ndani ya siku tatu. Weka picha nyeupe, utafute madoa, kivuli cha pembeni, au nukta iliyokufa. Weka picha nyeusi, muuzaji akinge mwanga kwa boksi, uone kama mwanga unavuja kwenye kingo. Kisha weka mpira, na hapo utazame kutoka mahali patatu: kwenye kiti, yaani mahali pako, sakafuni, mahali pa watoto, na pembeni kabisa, karibu na mlango, mahali pa jirani aliyekuja kuuliza matokeo akasahau kuondoka. Vioo vingine, vilivyo vizuri sana kwa aliye mbele, hufifia na kugeuka rangi ya majivu mara tu unaposogea upande. Kwa mtu anayeishi peke yake hilo ni dogo. Kwa nyumba zetu, mimi huikataa seti ya namna hiyo hata ikiwa na jina kubwa. Mwisho sikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya kati, usikie kama maneno yanatoka kamili au yanazibwa puani.

Watakuonesha pia zile ziitwazo dabo glasi, zenye kioo kigumu cha ziada mbele. Zina maana katika nyumba yenye watoto wanaocheza mpira wa soksi ndani, kwani kioo cha kawaida hupasuka kwa pigo dogo, na bei ya kukibadilisha hukaribia bei ya seti mpya. Lakini ni nzito, na huakisi dirisha. Ukiichukua, hakikisha breketi inastahimili uzito wake na runinga haikabiliani na mlango ulio wazi.

Pima kioo kwa futi yako, kioo chenyewe bila ya fremu, kwa kuwa ipo inchi 43 ya boksini ambayo ukiipima hutoka 40. Soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma, uifananishe na ya boksi, na uitafute kwa simu katika tovuti ya mtengenezaji. Seti iliyobandikwa karatasi ya 4K ilhali modeli yake ni Full HD hujulikana kwa njia hiyo bila ya ugomvi. Na ile utakayobeba iwashwe mbele yako, hiyo yenyewe, si ndugu yake aliyeko kwenye onesho.

Bei sasa ndiyo izungumzwe, na izungumzwe kwa staha. Winga anaishi kwa kile kinachozidi juu ya bei ya duka. Hilo ni jasho lake, wala hana kosa, lakini pita maduka matatu ukaulize mwenyewe ndipo urudi kwake. Ukikubaliana, dai risiti ya EFD yenye kiasi halisi ulicholipa na karatasi ya dhamana iliyoandikwa modeli na namba ya seti. Uliza maswali mawili: dhamana ni ya duka au ya wakala wa kampuni, na karakana ya matengenezo iko mtaa gani. Muuzaji anayetaja mtaa ni bora kuliko anayekwambia usijali. Aghalabu dhamana haigusi kioo kilichopasuka, bali hugusa taa za ndani na bodi. Na ukiuziwa kitu kisicho kile ulichoelezwa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Bila ya risiti hutakuwa na la kuwaonesha.

Safari ya kurudi ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Runinga yangu ya kwanza ya bapa niliilaza juu ya mapaja nikiwa nyuma ya bodaboda, boksi limelala kama sinia, na kila tuta kati ya Kariakoo na Temeke lilipita chini yake. Nyumbani nilipoiwasha, mistari mitatu iliyopinda ilikuwa imeenea kutoka katikati kama utando wa buibui. Duka lilikataa kuipokea, na kwa haki, maana niliiwasha mbele yao ikiwa nzima. Tangu hapo boksi lolote la runinga kwangu husafiri limesimama wima, ndani ya bajaji au teksi, na mtu amelishika kwa mikono miwili.

Ukifika, iache ipumzike, kisha iweke mahali ambapo katikati ya kioo pako sawa na macho ya aliyekaa kitini. Ukiinyanyua juu kama picha ya ofisini, shingo za watoto zitalia. Kama nyumba ni ya kupanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa ukuta, au waendee maseremala wa Keko wakutengenezee meza yenye miguu mipana isiyopinduka mtoto akiikwea. Acha nafasi ya kiganja nyuma yake ipate hewa. Kisha ingia kwenye mpangilio, ushushe mwanga wa kioo mpaka kama nusu. Chumba cha jioni hakihitaji zaidi, uniti zitapungua, na zile taa ndogo za ndani zitaishi miaka mingi zaidi. Siku zikichoka utazijua: sauti itaendelea, picha itapotea, na ukimulika kioo kwa tochi kwa karibu utaona vivuli vya watu vikitembea humo ndani. Hiyo haijafa, ipeleke kwa fundi abadilishe taa, wala usikubali kuambiwa ununue nyingine.

Boksi usilitupe. Liweke juu ya kabati mpaka dhamana imalizike, pamoja na maboya yake meupe, na risiti uipige picha usiku huo huo, maana wino wa risiti za mashine hufifia kwa joto la Dar es Salaam, na karatasi uliyoitunza mwaka mzima huweza kutoka kwenye bahasha ikiwa nyeupe.